Kimombo na mahakimu wake

Mtu akichapia Kiingereza mbele za watu, kicheko hakikawii. Aandike "less people" badala ya "fewer people" kwenye kundi la WhatsApp la ofisini, ujumbe wake utapigwa picha na kuzungushwa hadi jioni. Wanaocheka hawana shaka hata chembe: Kiingereza kina sheria zake, zimekuwepo tangu enzi na enzi, na anayezivunja anajua Kiingereza cha kuombea maji tu. Ajabu ni kwamba mahakimu hawa hawajawahi kuuliza sheria wanayohukumia aliitunga nani.

Tuichukue hiyo hiyo ya "less". Mwaka 1770 Mwingereza aitwaye Robert Baker alichapisha kitabu cha maoni yake juu ya lugha. Humo alieleza kwamba kwa vitu vya kuhesabika, yeye anaona "fewer" inapendeza zaidi na inafaa zaidi. Anaona! Alikuwa anataja ladha yake, kama mtu anayependelea chai ya rangi kuliko ya maziwa. Na Waingereza walikuwa wamekwisha kuitumia "less" kwa vitu vya kuhesabika tangu maandishi ya Mfalme Alfred, karne ya 9. Walimu wa baadaye wakaichukua ladha ya bwana mmoja wakaigeuza amri, na amri hiyo ikavuka bahari ikatufikia madarasani pamoja na kiboko chake.

Au ile marufuku ya kumalizia sentensi kwa kihusishi. Mwaka 1672 mshairi John Dryden alimtia dosari Ben Jonson kwa kosa hilo, Jonson akiwa kaburini miaka 35 na hawezi kujibu. Kisha Dryden akayarudia maandishi yake mwenyewe, akakuta naye amefanya vivyo hivyo, akaanza kufuta. Miaka 90 baadaye alikuja Robert Lowth, aliyepata kuwa Askofu wa London, na kitabu chake cha sarufi cha mwaka 1762. Lowth alisema tu kwamba mtindo huo ni wa mazungumzo, na kwamba maandishi mazito hupendeza zaidi bila huo. Sentensi aliyotumia kulisema hilo aliimalizia kwa kihusishi. Kitabu hicho hicho kimejaa "makosa" aliyoyaokota kwa Shakespeare, kwa Milton, hata kwa waliotafsiri Biblia. Sasa sheria iliyovunjwa na Shakespeare, Milton na watafsiri wa Biblia, ni sheria ya lugha ya nani?

Ninayempenda kuliko wote ni George Fox, mwasisi wa madhehebu ya Quaker, ambayo leo yana waumini wengi magharibi mwa Kenya. Zamani Mwingereza alimwita mtu mmoja "thou", na "you" ilikuwa ya watu wengi. Watu wakazoea kuitumia "you" hata kwa mmoja. Fox hakustahimili. Mwaka 1660 alishirikiana na wenzake kutoa kitabu kizima, chenye mifano ya lugha kadha wa kadha, kuonyesha kwamba huo ni upotovu na asemaye hivyo ni mpumbavu. Kwa kipimo chake, kila anayezungumza Kiingereza leo, kuanzia mfalme wao hadi huyo aliyepiga picha ujumbe wa mwenzake, ni mpumbavu.

Sisi Kiswahili tuna BAKITA, Baraza la Kiswahili la Taifa nchini Tanzania, lililoundwa kwa sheria mwaka 1967. Ukitaka kubishana juu ya usanifu, pa kwenda unapajua. Waingereza hawana chombo cha namna hiyo. Jonathan Swift aliomba kiundwe mwaka 1712, ombi likafa. Kiingereza kimebaki mikononi mwa wanaokisema, na juu yao wachapaji, walimu, na wazee wenye ladha zao.

Hapa sitetei kuandika ovyo. Yapo maneno ambayo kuyachanganya kunaleta hasara. Kiswahili kinaweza kusema "kuazima" kwa anayetoa na kwa anayepokea, na ndiyo maana wengi wetu huteleza kwenye "borrow" na "lend". Likitokea hilo ndani ya mkataba wa mkopo, hujui nani mdai nani mdaiwa, na wakili atakula pesa ya kuwatenganisha. Kosa hilo lisahihishwe, tena mapema, na anayelisahihisha asicheke. Lakini "lay" mahali pa "lie"? Lord Byron aliandika hivyo katika shairi lake maarufu na bado anafundishwa vyuoni. Na kijana wetu anayemwita mama yake "he", kwa kuwa "yeye" yetu haiulizi jinsia, nani amewahi kudhani kweli anamzungumzia mwanamume?

Halafu kuna ritifaa ya "it's". Ukiisema kwa mdomo haisikiki kabisa. Katika tamthilia za Shakespeare zilizochapwa mwaka 1623, "it's" yenye ritifaa inaonekana kwenye umilikishi, pale pale ambapo leo ni kosa la kuchekwa. Basi afisa ajira anayeitupa barua ya fundi umeme kwa sababu ya ritifaa hiyo atuambie ni waya gani utakaoungua.