Gharama ya Nyumba Iliyoingiwa na Maji

Si desturi ya ukurasa huu kusema habari za plasta na rangi. Mambo yetu ya kila toleo wayajua, ndugu msomaji: vyeo, uhamisho, likizo, na malimbikizo ya mishahara yasiyokwisha kudaiwa. Lakini tangu masika yalipokatika, wanachama kadha wa kadha wamemwendea Katibu kutaka mkopo wa dharura, na kila mmoja alipoulizwa sababu alijibu neno moja tu: maji. Kwa hiyo twaona si vibaya, kwa mara moja, kuyaacha ya ofisini na kuyatazama ya nyumbani.

Sisi tukaao Dar es Salaam hatuhitaji kufundishwa habari za mafuriko. Mvua ya Desemba 2011 iliua watu wapatao 40, na baadhi ya watu wa mabondeni wakahamishiwa Mabwepande. Aprili 2014 na Aprili 2018 maji yalirudi tena katika bonde la Msimbazi, na barabara ya Morogoro imefungwa pale Jangwani mara nyingi kuliko tuwezavyo kuhesabu. Hayo huandikwa magazetini. Yasiyoandikwa ni maji ya kimya: bomba lililopasuka nyuma ya ukuta, bati lililotoboka kwa kutu ya upepo wa bahari, jirani aliyeinua kiwanja chake kwa kifusi na kukuachia wewe shimo. Haya hayaui mtu, lakini hula mshahara.

Jambo la kwanza ambalo wengi wetu hatulijui ni kwamba kazi kubwa si kuyatoa maji; ni kukausha. Maji ya sakafuni hutolewa kwa ndoo na fagio kwa siku moja. Yaliyoingia ndani ya tofali hupanda juu kama mafuta yapandavyo katika utambi wa taa, nayo hayaonekani. Kwa wenzetu wa bara, Dodoma mathalan, hewa ni kavu na hunyonya unyevu ule upesi. Hapa pwani wakati wa masika hewa yenyewe imekwisha kushiba maji. Ukifungua madirisha yote na kuwasha feni usiku kucha, hewa iingiayo ni mbichi sawasawa na ile itokayo. Kanuni inayotajwa mara nyingi na wajenzi ni mwezi mmoja kwa kila inchi moja ya unene wa ukuta. Ukuta wa tofali la inchi sita, basi, wataka nusu mwaka. Nani kati yetu amewahi kungoja nusu mwaka?

Mimi sikungoja. Masika ya 2024 maji yaliingia kwangu yakafika kimo cha shubiri mbili ukutani. Yalipotoka nilimwita fundi mwashi juma lile lile, maana niliona haya wageni waione nyumba ile. Daftari langu lasema hivi: saruji mifuko 6 kwa shilingi 16,000, jumla 96,000, mchanga 120,000, fundi na kibarua wake siku 5 kwa 50,000 kwa siku, jumla 250,000, rangi ndoo mbili 150,000. Magodoro mawili yaliyotupwa yalinunuliwa upya kwa 360,000. Jumla yote ni shilingi 976,000, nayo ilizidi mshahara wangu wa mwezi. Nyumba ikapendeza. Baada ya miezi miwili rangi ilianza kuvimba kama ngozi iliyoungua. Chini yake chumvi ilichanua nyeupe, kisha ikaja koga nyeusi nyuma ya kabati, ile ambayo vijana huiita fangasi, na mtoto wangu wa pili akaanza kukohoa usiku. Plasta ile yote ilibomolewa. Kazi ya pili ilinila shilingi 540,000 nyingine. Hesabu hii ni ya nyumba moja na mtaa mmoja, usiifanye kipimo cha yako. Lakini tazama kwamba zile 616,000 za vifaa na ufundi wa mara ya kwanza zilikuwa bei ya haraka yangu, wala si bei ya mvua.

Fundi wa pili, mzee aliyejifunza kazi katika majumba ya mawe ya Unguja, ndiye aliyenionyesha kosa. Alibomoa plasta hadi futi moja juu ya alama ya maji, akaiacha tofali uchi. Nilipomhimiza alichukua kipande cha nailoni, akakibandika ukutani kwa gundi pande zote nne, akaniambia, “Mwanangu, ukikuta umande ndani yake kesho, usiniite.” Nilikuta umande wiki baada ya wiki. Siku nailoni ilipokuwa kavu ndipo alipopiga chokaa, akakataa katakata rangi ya mafuta, kwa kuwa chokaa huacha ukuta upumue, na rangi ya mafuta huufunga na unyevu wake ndani. Jaribio lile halikunigharimu hata senti.

Yafaa pia kutofautisha maji na maji. Ya bomba safi ni habari ya kukausha tu, na ukiwahi siku ile ile au ya pili yake, koga haijapata nafasi. Bali maji ya mafuriko katika mji wetu yamepita vyooni na katika makaro kabla hayajafika kitandani mwako. Godoro la sponji lililokunywa maji hayo halifai kuanikwa juani na kurudishwa. Litupwe, ijapokuwa lauma. Sakafu na kuta zisuguliwe kwa sabuni, kisha dawa ya klorini, na anayesugua avae viatu. Na kabla ya yote, swichi kuu ya umeme izimwe, isiwashwe hata fundi wa umeme azitazame soketi za chini.

Wengi wetu ni wapangaji, na hapa pana ugomvi. Umelipa kodi ya miezi sita mbele, maji yameingia mwezi wa pili, mwenye nyumba asema, “Tengeneza, tutahesabiana.” Wamtengenezea ukuta wake kwa fedha zako, na siku ya kuhesabiana hakumbuki. Sisi ambao kazi yetu ni kuandika barua za watu wengine mchana kutwa, mbona twashindwa kuandika moja ya kwetu? Piga picha alama ya maji, andika makubaliano ya kukata gharama katika kodi, mtie sahihi wote wawili mbele ya mjumbe wa mtaa, ndipo uende dukani kununua saruji. Mwenye bima naye asome karatasi yake kabla ya mvua. Bima nyingi hulipa bomba lililopasuka ghafula, hazilipi unyevu uliopanda kidogo kidogo kwa miaka.

Sasa tufike penye shina la maneno haya. Sheria yataka mtumishi abakiwe na theluthi moja ya mshahara wake baada ya makato yote, nayo ni sheria njema. Lakini aliyekwisha kukopa kwa ajili ya karo au kiwanja amefika mpaka wake. Maji yakiingia, benki yamkatalia kwa haki. Naye hawezi kulala majini. Hapo ndipo aendapo kwa wale wakopeshaji ambao watu wa mjini wamewapa jina la kausha damu, akaacha kadi yake ya benki mikononi mwao, akapata fedha jioni ile ile, na riba yake humfuata muda mrefu baada ya ukuta kukauka. Twawajua wenzetu waliomo katika kamba hiyo leo. Hatutawataja, wala hatuwacheki.

Rai ya ukurasa huu ni kwamba Halmashauri itenge sehemu ya akiba ya Chama iwe mfuko wa maji, bila riba, utolewe kwa awamu mbili: sehemu ndogo siku ile ile kwa kusafishia nyumba na kununua godoro, na iliyobaki baada ya ukuta kukauka. Najua wako watakaosema kwamba wanachama wa mikoa ya bara watachangia matope ya watu wa pwani. Neno hilo lina uzito. Labda mfuko uhusu pia bati lililoezuliwa na upepo na nyumba iliyoungua, ili kila upande upate haki yake. Lakini mfuko ukiwa mpana mno hautamtosha mtu yeyote, nasi tungependa kusikia hesabu ya Mweka Hazina kabla ya kushikilia upande wowote.

Shauri hili litaletwa katika mkutano ujao, kabla ya vuli kuanza. Mwanachama aliyeingiwa na maji mwaka huu na amletee Katibu karatasi ya gharama zake, bila jina akipenda, pamoja na kimo cha maji, aina ya tofali, na siku alizongoja kabla ya kupiga plasta.

Mhariri