Neno kwa Nyumba za Kikristo: Wazazi Waendao Ulaya Kumwona Mtoto Wao



Mwezi huu twapenda kunena juu ya jambo ambalo zamani halikuwa letu, na sasa limefika hata hapa Ngulyati. Bwana mmoja na mkewe, watu wazima wa jumuiya yetu, wana binti aliyekwenda Ujerumani kujifunza uuguzi, akapata kazi huko, akaolewa. Mtoto wake wa kwanza ana miaka minne, na sasa anatazamia wa pili. Wazee hawa hawajapanda ndege siku zote za maisha yao, wala hawajavuka bahari.

Wakatujia na maneno matatu. La kwanza, binti amemwalika mama peke yake. Je, baba naye aende? La pili, jamaa mmoja amewashauri waseme ubalozini kwamba wanakwenda kwenye mkutano wa dini, kwa kuwa ati wasemao kweli hukataliwa. Je, wafanye hivyo? La tatu, watakaaje na mjukuu asiyejua Kisukuma wala Kiswahili? Kwa kuwa nyumba nyingine nazo zitakutana na mambo yayo hayo, twaandika hapa majibu yetu.

Wako watu wa Usukuma waliotangulia kwenda Ulaya. Mwaka 1931 Mtemi Makwaia wa Usiha, katika nchi ya Shinyanga, alikwenda London pamoja na Martin Kayamba wa Tanga na Francis Lwamugira wa Bukoba, wakatoa ushahidi mbele ya kamati ya Bunge la Uingereza juu ya shauri la kuziunganisha nchi za Afrika Mashariki. Kayamba akaandika kitabu cha safari hiyo kwa Kiswahili. Lakini wale walikwenda kwa kazi ya nchi. Mzee na mkewe kusafiri pamoja kwa sababu ya mtoto tu, hilo ndilo jambo jipya kwetu. Wala halijazoeleka bado, na kwa hiyo linahitaji shauri.

Basi tumtazame kwanza mzee Yakobo. Wanawe waliporudi toka Misri walimletea habari mbili kwa pamoja: ya kwanza, kwamba Yosefu yu hai, ya pili, kwamba ametawala nchi yote ya Misri. Moyo wake ulizimia, asisadiki. Hata alipoyaona magari yaliyotumwa kumchukua, roho yake ikahuika. Lakini angalieni alichojibu. Hakuuliza juu ya utawala, wala ghala, wala dhahabu. Alishika ile habari ya kwanza tu, kwamba mwanawe yu hai, akasema atakwenda amwone kabla hajafa. Hilo ndilo neno letu lote la mwezi huu: mzazi aende kuuona uso wa mtoto, asiende kuhesabu mali yake.

Sasa tujibu neno la kwanza. Mama kwenda peke yake si dhambi, na ziko nyumba ambazo haiwezekani vinginevyo. Lakini pale inapowezekana, twashauri waende wote wawili. Binti hakumwacha baba kwa dharau. Alitazama nauli, tena alitazama uzazi, akadhani uzazi ni kazi ya mama tu. Lakini baba naye ni babu wa mtoto. Na mama aliyeitwa peke yake, akishinda ndani miezi mitatu pamoja na mtoto mchanga, bila mtu wa kusema naye mchana kutwa, huanza kujiona kama mtumishi ingawa hakuna aliyemwita hivyo. Wawili wakiwapo, huongea, husali pamoja, na mmoja humwondolea mwenzake ukiwa.

Juu ya fedha, tusifichane. Hati ya kusafiria ya kielektroniki, iliyoanza kutolewa Tanzania mwaka 2018, hulipiwa shilingi 150,000 kwa mtu mmoja. Ombi la viza ya muda mfupi ya Ujerumani na nchi zenzake zenye mpaka mmoja, tangu mwaka 2024, ni yuro 90 kwa mtu mzima, nazo hazirudishwi mtu akikataliwa. Tena yatakiwa bima ya matibabu isiyopungua yuro 30,000, na nauli ndiyo iliyo kubwa kuliko vyote. Basi wasiuze maksai wote kwa ajili ya safari. Mzee arudiye Ulaya akakosa jembe la kulimia, furaha yake haitafika masika. Kama fedha hazitoshi watu wawili mwaka huu, na wangoje mwaka ujao. Mtoto atakuwa ameanza kutambaa, nao watafurahi vilevile.

Wakati ulio mwema kwa watu wa pamba ni baada ya kuvuna na kuuza. Viza ya namna hii haipiti siku 90 katika kila siku 180. Mtu aondokaye mwezi wa saba aweza kurudi kabla ya kupanda tena, naye atakuwa amekwepa baridi kali. Kabla ya kuondoka, ng'ombe wahesabiwe mbele ya mashahidi wawili, na mji ukabidhiwe mtu mmoja, si watu watatu. Maana mji wenye walinzi watatu hauna mlinzi.

Neno la pili ndilo zito. Twajibu kwa kifupi: la, wasiseme uongo. Na hatujibu hivyo kwa sababu ya amri ya nane peke yake, ingawa hiyo yatosha. Twajibu pia kwa sababu ya binti. Katika Ujerumani, amwalikaye mgeni mara nyingi hutakiwa kwenda mbele ya ofisi ya wageni ya mji wake, akatia sahihi hati ya kwamba atachukua gharama zote za mgeni huyo. Mgeni akiugua bila bima, au akapitisha siku zake akalishwa na serikali, aliyetia sahihi ndiye adaiwaye. Basi wazazi wakisema uongo ubalozini, wameweka uongo huo juu ya jina la mtoto wao. Tena alama za vidole vyao huwekwa katika daftari moja linalosomwa na nchi zote hizo. Akipatikana na uongo mara moja, hata ombi lake la kweli litakalofuata litatiliwa shaka.

Na uongo wenyewe ni wa nini? Kwenda kumwona mwana na mjukuu ni sababu halali, haihitaji kufunikwa nguo. Nyanya kumbeba mjukuu wake si kazi ya mshahara. Wachukue barua ya binti, cheti chake cha kuzaliwa chenye majina yao, na karatasi za shamba na mifugo, ili ionekane kwamba wana mji wa kurudia. Lakini hatuwadanganyi: mtu aweza kusema kweli yote, akakataliwa. Hapo atapoteza fedha, na atasikitika. Hata hivyo amerudi nyumbani na jina lake zima, naye aweza kuomba tena bila kuogopa.

Hapa twaongeza neno kwa waalimu. Wazee wengi wa kwetu hukwama katika majina kabla hawajafika ubalozini. Mtu aliitwa Masanja na wazazi wake, akabatizwa Yohana. Kitambulisho cha taifa kikaandikwa Masanja na jina la babu, kadi ya kliniki ya mtoto ikaandikwa Yohana na jina la baba. Afisa wa Uhamiaji huona watu wawili. Cheti cha kuzaliwa nacho hakipo, maana alizaliwa kabla watu hawajazoea kuandikisha. Basi mambo hayo yatengenezwe mapema, kwa kuandikisha uzazi uliochelewa na kwa kiapo mbele ya wakili au hakimu. Yaweza kuchukua miezi. Nasi tuandikao vitabu vya ubatizo tuandike majina yote kwa usahihi, la nyumbani na la ubatizo, maana hatujui ni nani atakayeyahitaji miaka hamsini baadaye.

Juu ya njia yenyewe twasema machache. Toka Mwanza hadi Dar es Salaam ni mwendo wa saa moja na nusu hivi kwa ndege. Kisha wengi hubadili ndege katika mji kama Addis Ababa au Doha. Hapo ndipo wazee wapoteapo. Wawe na karatasi iliyoandikwa kwa Kiingereza, yenye jina la mji waendako na namba ya simu ya binti, wasione haya kumwonyesha mtu mwenye sare. Dawa za kila siku zikae katika mkoba wa mkononi, si katika mzigo mkubwa. Mama asipakie nyama iliyokaushwa, wala maziwa, wala samli. Nchi za Ulaya hazikubali vitu hivyo katika mizigo ya wasafiri toka kwetu, navyo vitatupwa mbele ya macho yake. Akitaka kuchukua michembe, binti aulize kwanza. Khanga hazina mashaka.

Hata jua la huko litawashangaza. Sisi tulio karibu na mstari wa ikweta twajua jioni kwa jua. Berlin, mwezi wa sita, jua huzama baada ya saa tatu na nusu usiku. Mwezi wa kumi na mbili huzama kabla ya saa kumi jioni. Basi wasingoje giza ili wasali sala ya jioni, maana watoto watakuwa wamekwisha lala.

Sasa neno la tatu, la kukaa na wajukuu. Wazee wasidhani kwamba binti ni tajiri kwa sababu anakaa Ulaya. Mshahara wake hutoka kodi ya nyumba, bima, ushuru wa serikali, na malezi. Hana msichana wa kazi. Akirudi toka zamu ya usiku hospitalini, hulala mchana. Asipokaa nao sebuleni, hajawadharau. Wazee wa zamani walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Jembe la huko ni kuosha vyombo, kukunja nguo, na kumsukuma mtoto katika kigari. Baba asione aibu kuosha vikombe. Hakuna shemeji wa Ngulyati amwonaye dirishani, na hata angemwona, si neno. Tena wasipeleke orodha ya wahitaji wa ukoo. Ada ya mpwa, bati la shangazi, mahari ya kijana: hayo yote yangoje. Mtoto akimwona mzazi baada ya miaka sita, na siku ya pili akasomewa madai, atajua alikuwa akitazamiwa kwa nini.

Na yule mjukuu wa miaka minne? Turudi kwa Yakobo. Yosefu alikuwa na wana wawili, Manase na Efraimu, waliozaliwa Misri kwa mama Mmisri. Hawakuijua Kanaani. Yakobo hakusema, hawa si wetu, wamepotea kwa mila ngeni. Aliwahesabu kuwa wanawe mwenyewe, akawakumbatia, akawabusu, akaweka mikono yake juu ya vichwa vyao akawabariki. Ndiyo kazi ya babu na nyanya. Mtoto hajui maneno yao, lakini wimbo huingia kabla ya neno, na mkono kabla ya wimbo. Wamfundishe kidogo: kusema Mwangaluka asubuhi, kufanya ishara ya msalaba, kulitaja jina la babu wa babu yake. Wasimtahayarishe kwa asilojua, wala wasimlaumu mama yake kwa kutomfundisha. Na mkwe aliye Mjerumani wampe heshima yake ya mkwe, ingawa yeye hajui adabu zetu za kukwepana na kuinama. Akiwapa mkono, waupokee.

Siku ya Bwana waende kanisani pamoja naye. Wachukue barua ya padre wao, kama ilivyo desturi ya Mkristo asafiriye, ili wapokelewe kama ndugu. Lugha ya Misa hawataijua, lakini mkate ulioinuliwa watautambua.

Kisha warudi kwa siku waliyoiahidi. Twasisitiza jambo hili, maana wako watakaowanong'oneza wakae zaidi. Arudiye kwa wakati amemfungulia njia mzazi mwingine atakayeomba baada yake. Na hapa nyumbani asimulie kweli, mema ya huko na magumu ya huko, asije akawatia vijana tamaa ya nchi asiyowaeleza.

Ndugu, kwa mwezi huu someni jioni nyumbani mwenu Kitabu cha Mwanzo, sura ya 45 tangu aya ya 25, kisha sura ya 46 hata aya ya 30, na mwisho sura ya 48. Someni polepole, watoto wakisikia. Mtaona kwamba hata Yakobo aliogopa kushuka Misri, mzee wa miaka 130. Kwa hiyo alisimama kwanza Beer-sheba akamtolea Mungu sadaka, naye Mungu akamwambia asiogope, kwa kuwa atashuka pamoja naye. Na nyumba zenye watoto mbali, kama ni Ulaya, au Arabuni, au Dar es Salaam tu, wamtaje kila mmoja kwa jina katika sala ya usiku. Asiyeweza kupanda ndege aweza kufanya hivyo usiku huu huu.

Amani ya Kristo ikae nanyi.