Mgeni Akinyeshewa Digodigo, Aingie Wapi?

Wakati wa masika, msafiri aliyeko Digodigo, katika Wilaya ya Ngorongoro, hana mamlaka juu ya ratiba yake. Makorongo hujaa maji, njia za udongo huteleza, na gari lililoahidiwa alfajiri halionekani hata adhuhuri. Mwalimu anayekwenda kuripoti kazini, bwana shamba, mwanafunzi aliyekuja kufanya utafiti, na mtalii anayepita kutoka Ziwa Natron kuelekea Loliondo, wote hujikuta wameketi chini ya bati moja wakisikiliza mvua. Swali ninalotaka kulijadili ni dogo kwa sura, lakini lina uzito wake: msafiri huyo asiyeweza kutembea nje aingie wapi ili ajifunze jambo la maana kuhusu nchi aliyomo?

Vitabu vinavyowaongoza wageni hushauri kwamba siku ya mvua mtu aende kwenye makumbusho, maktaba au jumba la sanaa. Ushauri huo wafaa mjini. Kwa Digodigo jibu la kawaida ni kulala usingizi mpaka mawingu yatawanyike. Maoni yangu ni kwamba jibu hilo halitoshi, na kwamba wenye uwezo wa kulibadili ni walimu na wanafunzi wa shule zetu za sekondari.

Nianze mbali kidogo. Nilipokuwa Uingereza nikisomea shahada ya uzamivu, Jumamosi moja mvua ilinikuta London. Nikaingia katika jumba la British Museum, kwa sababu kiingilio chake ni bure na koti langu lilikuwa limelowa. Ndani ya kabati la kioo nikakuta jiwe la volkano lililochongwa ukingo mmoja ukawa na makali. Maelezo yalisema kuwa ni zana ya kukatia iliyotoka Oldupai, Tanzania, katika msafara wa Louis Leakey wa mwaka 1931, na kwamba umri wake ni karibu miaka milioni 1.8. Mama mmoja alikuwa akimweleza mwanawe jinsi jiwe lile lilivyogongwa kwa jiwe jingine. Mimi, mzaliwa wa Mkoa wa Arusha, nilisimama nyuma yao nikisikiliza kama mgeni. Nilikuwa nimesoma habari za Oldupai kwa ajili ya mtihani, na nilikuwa nimezipata alama zangu, lakini ilinibidi ninyeshewe London ndipo nilione jiwe lenyewe.

Haifai kusema, hata hivyo, kwamba nchi yetu haina nyumba za kuhifadhia urithi. Msafiri wa kaskazini akinyeshewa Oldupai, lipo jengo jipya la makumbusho lililofunguliwa mwaka 2017. Humo ataona historia ya utafiti wa bonde hilo, pamoja na nakala ya nyayo za Laetoli zilizogunduliwa mwaka 1978, zenye umri wa miaka ipatayo milioni 3.6. Nyayo zenyewe zimefukiwa makusudi ili zisiharibike. Tena hata kule kufukiwa kulikuwa na somo lake: mbegu za migunga zilizokuwemo katika udongo wa kwanza wa kufunikia ziliota, mizizi ikatishia kuzipasua, ikabidi wataalamu wazifukue na kuzifukia upya katika miaka ya 1990 kwa utaratibu ulio salama zaidi. Akinyeshewa mjini Arusha, yapo Makumbusho ya Azimio la Arusha, na ipo pia Makumbusho ya Elimu Viumbe katika Boma la zamani la Wajerumani. Akifika Dar es Salaam, Makumbusho ya Taifa ndiyo yenye fuvu la Zinjanthropus aliloligundua Mary Leakey tarehe 17 Julai 1959.

Jambo moja zaidi lawahusu hasa watu wa Digodigo. Mwaka 1964, upande wa mashariki wa vilima vyao, karibu na Mto Peninj unaoingia Ziwa Natron, Kamoya Kimeu aligundua taya la chini la kiumbe wa jamii ileile ya Zinjanthropus. Nalo limehifadhiwa Dar es Salaam. Ni haki liwe huko, kwa kuwa kitu cha thamani ya namna hiyo chahitaji ulinzi na wataalamu. Lakini mwanafunzi wa Digodigo, anayeweza kukiona kilima kilicho juu ya bonde lilikotoka taya hilo, hana mahali karibu naye pa kuona hata nakala yake ya plasta.

Hayo ni ya kale mno. Uko urithi mwingine wa Digodigo ambao bado u hai, na huo ndio unaonitia wasiwasi zaidi. Wabatemi, ambao majirani huwaita Wasonjo, ni wakulima wa mifereji. Katika nchi kame ya ukingo wa Bonde la Ufa, wamejenga maisha yao juu ya chemchemi na vijito, wakiyaongoza maji hadi kwenye mashamba ya mtama, viazi vitamu, kunde na, baadaye, mahindi. Ugawaji wa maji umekuwa chini ya baraza la wazee waitwao wenamiji, wanaorithi wadhifa huo. Mwanaanthropolojia Robert Gray, aliyeishi kwao katika miaka ya 1950, alichapisha kitabu kizima juu yao mwaka 1963, na watafiti wa baadaye wamerudi mara kwa mara kuuchunguza utaratibu huo. Huko Engaruka, katika Wilaya ya Monduli, yamebaki magofu ya mashamba na mifereji ya watu waliohama karne kadhaa zilizopita, na wapo wataalamu waliowahusisha watu hao na Wabatemi. Engaruka wenye maarifa wameondoka, yamebaki mawe. Digodigo wenye maarifa bado wapo, lakini hawatakuwapo milele.

Nililitambua jambo hili siku ya mvua. Masika mmoja nilikwama Digodigo siku mbili kwa sababu ya korongo lililofurika. Mzee mwenyeji wangu, nilipokwisha kumwamkia na kupewa kigoda, aliniuliza nafundisha nini huko chuoni. Nilipomwambia kuwa ni sayansi, alicheka, akachukua konzi ya mahindi akazipanga punje sakafuni: huu mfereji mkubwa, hapa unagawanyika, hapa maji hufungwa jioni, hapa mtu akichukua bila zamu atalipa. Kwa muda wa saa mbili nilifundishwa mteremko, upotevu wa maji katika udongo wa kichanga, na sheria. Mvua ilipokatika, mjukuu wake akazikusanya punje zile zikatwangwe. Mimi nilikuwa nimeandika nusu tu, nikijua kwamba nitarudi. Niliporudi baada ya miaka miwili, mzee alikuwa amefariki dunia. Nusu ile nyingine sijaipata hadi leo.

Kwa hiyo pendekezo langu ni hili: Digodigo, na kila kata iliyo kama Digodigo, iwe na chumba kimoja cha kumbukumbu na maarifa, chini ya ulezi wa shule ya sekondari. Sisemi jumba. Nasema chumba chenye bati lisilovuja, rafu zilizoinuliwa kutoka sakafuni, meza, na daftari kubwa.

Katika chumba hicho ziwekwe zana za kilimo na za ufugaji wa nyuki, vyungu, mbegu za asili katika chupa zilizofungwa vizuri, na mfano wa mifereji uliofinyangwa kwa udongo wa mfinyanzi na wanafunzi wenyewe wakiongozwa na wazee. Kila kitu kipewe namba, na daftarini liandikwe jina lake kwa Kibatemi na kwa Kiswahili, matumizi yake, tarehe, na aliyekitoa. Kitu kisichoandikwa daftarini hugeuka takataka mara tu mwalimu aliyekikusanya anapohamishwa.

Ndani yake sayansi iwe na kazi. Siku ya jua, wanafunzi wapime mfereji. Tuseme, kwa mfano wa hesabu tu, kwamba upana wake ni sentimita 50 na kina sentimita 20, na kijiti kinachoelea kinakwenda mita 10 kwa sekunde 25. Kasi ya juu ya maji ni mita 0.4 kwa sekunde. Lakini maji ya chini na ya kandoni huenda polepole zaidi, basi tuzidishe kwa 0.8, tupate mita 0.32. Tukizidisha kwa eneo la mita za mraba 0.1, tunapata lita 32 kwa sekunde. Zamu ya saa sita itatoa lita 691,200, ambazo zikienea sawasawa katika hekta moja ni sawa na mvua ya milimita 69. Hapo mwanafunzi anaelewa kwa nini zamu moja ya maji yaweza kuleta ugomvi, na kwa nini jamii ilihitaji wazee wa kuuamua. Hata bati la chumba lifundishe: paa la mita 9 kwa mita 7, katika mvua ya milimita 20, hupokea lita 1,260. Vipimo hivyo vikibandikwa ukutani, siku ya mvua vitamsubiri msafiri.

Zipo hoja za kupinga, nami siwezi kuzipuuza. Ya kwanza ni kwamba makumbusho huua mila kwa kuifungia kabatini. Ni kweli, ikiwa chumba kitageuka ghala. Lakini chumba ambamo mzee huja kueleza, mwanafunzi akaandika na mgeni akauliza, ni darasa. Ya pili ni kwamba vitu vitakatifu vitageuzwa maonyesho ya kuuzia watalii. Hofu hii ni ya haki. Wabatemi wana nyumba zao za ibada ya kimila, na hizo si mahali pa mgeni kukimbilia mvua akiwa na kamera. Wazee ndio waamue nini kionyeshwe, nini kisimuliwe tu, na nini kisiguswe kabisa. Ya tatu ni kwamba vijana wataanza kuchimbachimba wakitafuta mafuvu. Hilo lizuiliwe kwa ukali: Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 hairuhusu uchimbaji wa namna hiyo bila leseni, na mfupa ukishang'olewa ardhini ovyo hupoteza nusu ya habari zake. Anayeona kitu cha ajabu katika korongo akiache palepale, aandike mahali kilipo, atoe taarifa.

Hoja ya nne ni fedha, na hii ndiyo husemwa kwa sauti kubwa kuliko zote. Nakubali kwamba shule zina upungufu wa madawati na maabara. Lakini maadui wakubwa wa chumba kama hiki ni unyevunyevu, kuvu, mchwa na uzembe. Watatu wa kwanza huzuiwa kwa madirisha yanayopitisha hewa, rafu zisizogusa ukuta, na ukaguzi wa kila wiki. Wa nne hauna dawa dukani. Mtalii naye akiombwa mchango mdogo hatakataa, maadamu ameelezwa jambo ambalo asingelisikia penginepo.

Wapo watakaosema kuwa siku hizi kila kitu kimo katika simu. Nawaomba wajaribu kutafuta humo jinsi maji ya mfereji fulani wa Digodigo yanavyogawanywa usiku wa kiangazi, na nani ana haki ya kuufungua. Simu haiwezi kutoa kile ambacho hakuna mtu aliyekiandika.

Ndugu mwalimu, huhitaji kusubiri waraka. Masika yajayo, siku ambayo mvua itawazuia wanafunzi wako kwenda shambani, mwalike mzee mmoja darasani, mpe kiti, na mweke mwanafunzi mwenye mwandiko mzuri karibu naye. Mwombe aeleze zamu za maji tangu mwanzo hadi mwisho. Na mvua ikikatika kabla hajamaliza, msimruhusu mtu yeyote azikusanye punje kabla mchoro haujakamilika.