Kitulo haingoji kiangazi
Watalii wengi huja kwetu kiangazi, wanyama wanapokusanyika kwenye maji, na sisi wenyeji tumeiga ratiba hiyo bila kujiuliza. Kitulo, hifadhi ya taifa kule Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania, ina kalenda yake: maua huchanua mvua zikishakolea, kati ya Desemba na Aprili, na ndiyo maana wenyeji hupaita Bustani ya Mungu. Hifadhi hiyo, iliyoanzishwa mwaka 2005, ina aina zaidi ya 350 za mimea, zikiwamo aina 45 za okidi. Uwanda wake uko mita 2,600 hivi juu ya usawa wa bahari. Asubuhi ukungu huficha kila kitu, kisha jua huufukuza na maua kujitokeza katikati ya nyasi, petali zikiwa bado na matone. Hapa hufukuzani na simba kwa gari. Unatembea kwa miguu na kuinama. Viazi vya okidi hizo vimechimbwa kwa miaka mingi na kuuzwa Zambia, ambako hupikwa kuwa chakula kiitwacho chikanda. Basi beba sweta na buti, nenda Februari, piga picha utakavyo, lakini ua liache shinani.