Bakteria mzuri ni mlinzi, si daktari

Nimerudi chuo jana kutoka Same, na milimani kule Chome mzee mmoja alinibana: "Mwalimu, nasikia kuna bakteria wazuri wa udongo wanatibu miti. Niletee, mgomba ukinyauka niumwagie."

Jamani, tusimdanganye mzee wa watu. Bakteria hao wapo kweli. Allen Kerr wa Adelaide, Australia, alimpata mmoja anayeitwa K84, na tangu 1973 wakulima wa mapichi wanachovya miche kwenye maji yenye bakteria huyo kabla ya kupanda. Anatoa sumu inayomuua ndugu yake, yule anayeotesha vinundu kwenye shina. Ila vinundu vikishatoka, hasaidii kitu. Lazima awahi yeye kwanza.

Sasa mnyauko wa migomba ni bakteria mwingine kabisa. Kagera wanauita unyanjano, umewatesa tangu 2006, na dawa ya kumwagia haipo. Kinachofanya kazi ni kukata ua dume kwa kijiti cha panda chane ya mwisho ikishatoka (nyuki hubeba ugonjwa pale), kupitisha panga motoni na kuondoa mgomba mgonjwa mapema. Na wale mnaotoka Bukoba na chipukizi kwenye buti la basi, eti zawadi kwa mama, acheni! Upareni mgomba tunakula sisi, na ng'ombe naye anakula.

Kinachoniudhi zaidi: darasani bado tunafundisha bakteria kama orodha ya magonjwa tu, kipindupindu, kifua kikuu, kengele inalia. Mimi nikipangiwa shule, naanza na K84.