Usugu wa dawa: amana ya uhai inapopotea mikononi mwetu

Kila sifa njema inamstahiki Allah (S.W.), na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba wake.

Ndugu Waislamu, leo tunazungumzia msiba unaoingia majumbani kimya kimya: bakteria kuzizoea dawa za antibiotiki. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani (WHO) ya Oktoba 2025 inaeleza kuwa mwaka 2023, katika kila maambukizo sita ya bakteria yaliyothibitishwa maabara, moja lilikuwa sugu kwa dawa. Katika kanda ya Afrika ni moja katika kila matano.

Jambo hili si geni kwetu. Utafiti uliofanyika Hospitali ya Taifa Muhimbili, Dar es Salaam, mwaka 2001 hadi 2002, na kuchapishwa mwaka 2007, ulifuatilia watoto wa hadi miaka saba waliolazwa. Kati ya waliokutwa na bakteria katika damu, takriban mmoja katika kila watatu alifariki, na hatari ilizidi pale bakteria walipokuwa sugu kwa dawa aliyopewa mtoto. Wazazi wao waliwafikisha hospitali, dawa ikatolewa, lakini haikufaa.

Sababu yake ni nini? Dawa inapotumika, bakteria dhaifu hufa, na wachache wenye uwezo wa kuihimili hubaki wakazaana. Hivyo kila kidonge kinachomezwa bila haja, kama vile kwa mafua yaletwayo na virusi, huwapa wale sugu nafasi ya kuenea.

Sharia imekuja kuhifadhi dini, nafsi, akili, kizazi na mali. Mtume (S.A.W.) ametuhimiza kujitibu, lakini kujitibu si kubahatisha. Isitoshe, bakteria sugu hawabaki kwa mtu mmoja. Huhamia kwa mtoto, kwa jirani na kwa mgonjwa wa kitanda cha pili. Basi uzembe huu si wa mtu na nafsi yake tu, bali ni kuwadhuru wengine, jambo ambalo dini yetu imelikataza.

Hata hivyo, tusimtwishe masikini lawama zote. Anayenunua vidonge vinne badala ya dozi nzima mara nyingi si mjinga, ni mhitaji. Kumkamilishia dozi yake ni sadaka iliyo bora. Muuza dawa naye ana amana: asitoe antibiotiki bila cheti cha daktari kwa tamaa ya faida. Na wenye mamlaka wanadaiwa maabara zenye uwezo wa kutambua dawa ipi inamfaa mgonjwa yupi.

Majumbani mwetu, tusigawiane dawa zilizobaki, tutumie dozi kama ilivyoandikwa, tunawe mikono, na tuwapeleke watoto kwenye chanjo, kwani maradhi yaliyozuiwa hayahitaji dawa.

Tunamuomba Allah awaponye wagonjwa wetu na atuafikishe kuilinda neema hii. Amin.