Shokapu Mbili Hazimlindi Mtoto: Baiskeli ya Milimani Ianze Kupimwa kwenye Breki

SEHEMU YA 1: Nesi na baiskeli wapi na wapi?

Wiki hii chanjo na uji wa lishe tunavipumzisha. Tunaongelea baiskeli. Ndiyo, baiskeli, ile ya milimani yenye shokapu mbele na nyuma ambayo kijana wako wa kidato cha pili anakuonyesha kwenye simu kila jioni: "Mama, hii tu, sitaomba kitu kingine mwaka mzima."

Swali ninaloulizwa na wamama ni moja: ya shokapu mbili si ndiyo salama zaidi? Si inapunguza mtikisiko?

Mimi nasema hivi, na anayepinga aje kwenye maoni tuongee kistaarabu. Shokapu ya nyuma haimlindi mtoto. Inamwezesha kwenda kasi zaidi mahali pabaya zaidi. Kwa hiyo ukinunua kasi, nunua na breki zake, na helmeti yake. Hela ikiwa haitoshi, shusha daraja la baiskeli, lakini breki usizishushe.

Hapa siongelei baiskeli ya kwenda dukani au shuleni. Naongelea kijana (au baba watoto, tunawajua) anayetaka kushuka mlima kwa kasi, kwenye mawe, mizizi na mifereji, na kuruka matuta. Sisi tunaokaa Arusha, Moshi, Lushoto au Mbeya tunajua njia hizo hazikosekani. Nairobi nao wana Msitu wa Karura.

Na mchezo wenyewe ulijifunza somo la breki mapema. Miaka ya 1970, vijana wa Marin, California, Marekani, walikuwa wanashuka Mlima Tamalpais kwa baiskeli kuukuu, nzito. Mwaka 1976 wakaanza kushindana kwenye barabara moja ya vumbi waliyoiita Repack. Mnajua jina lilitoka wapi? Breki zao zilikuwa za kukanyaga pedeli kinyumenyume. Wakifika chini, habu ya nyuma imechemka, grisi imeungua na kutoa moshi, inabidi ifunguliwe ijazwe grisi upya. Ndiyo maana ya jina lenyewe: kujaza upya. Shokapu zilienea baadaye, miaka ya 1990. Tatizo la kwanza la kushuka mlima lilikuwa kusimama, na mpaka leo ni hilo hilo.

SEHEMU YA 2: Shokapu ya kazi na shokapu ya pambo

Tuwe waungwana, shokapu nzuri ina faida. Inafanya tairi libaki limegusa ardhi. Tairi likigusa ardhi, breki inashika na usukani unatii. Mikono pia haichoki upesi, na mkono uliochoka ndio unaoachia usukani.

Lakini shokapu nzuri ina vitu viwili ndani: springi, ya chuma au ya hewa, na mafuta yanayoituliza isirudi kwa fujo. Zile baiskeli za bei rahisi za shokapu mbili, nyingi zina springi tupu. Inabonyea kwenye jiwe, halafu inamrusha mtoto juu kama kitanda cha springi. Na mara nyingi springi hiyo imekazwa kwa mtu mzima. Mtoto wa kilo 45 akikaa, haibonyei kabisa. Hapo amebebeshwa chuma bure.

Jaribu hivi dukani: bonyeza kiti kwa nguvu kisha achia. Ikirudi kwa kishindo na kuruka, hiyo ni springi tupu. Shokapu yenye mafuta inarudi kwa utulivu, na huwa ina kitufe cha kuongeza au kupunguza kasi ya kurudi.

Kuna kipimo kingine cha maana zaidi. Shokapu nyingi nzuri zina kiringi kidogo cha mpira kwenye mhimili wake. Kisukume mpaka mwisho, kijana apande taratibu akiwa amevaa vitu vyake vyote, asimame kwenye pedeli kama anavyoendesha, kisha ashuke taratibu. Kiringi kiwe kimesogea kama asilimia 25 hadi 30 ya mwendo wa shokapu. Kama mwendo ni milimita 50, basi milimita 12 hadi 15. Kikisogea kidogo kuliko hapo, ni ngumu mno kwake. Kikizidi sana, ni laini mno, itagonga mwisho kwenye kila shimo.

Shokapu ya hewa inajazwa kwa pampu yake maalumu. Tafadhali isipelekwe kwa fundi pancha akaijaza kwa kompresa.

Sasa swali la kumbana muuzaji: hii baiskeli imetengenezwa kwa matumizi gani? Kampuni nyingi kubwa zinafuata madaraja 1 hadi 5. Daraja la 1 ni lami. La 2 ni changarawe na vikwazo vidogo, kushuka kama sentimita 15. La 3 ni njia mbaya, kuruka kusikofika sentimita 61. La 4 ni njia mbaya kwa kasi, kuruka mpaka kama sentimita 122. La 5 ni la waruka mabonde. Kijana anayeshuka kwa fujo anahitaji daraja la 4. Daraja huandikwa kwenye kitabu cha baiskeli au stika ya fremu. Na zipo baiskeli zenye sura ya milimani kabisa, shokapu mbili, rangi kali, halafu stika ndogo inakuambia usiende nayo njia mbaya. Soma stika, mama. Kwenye chupa ya dawa unasoma, kwenye baiskeli pia soma.

SEHEMU YA 3: Dakika 10 za ukaguzi kabla ya kutoa hela

Nyingi tunazopata ni za mtumba. Mtumba si dhambi, mimi mwenyewe ni mteja mkubwa wa mtumba. Ila kagua kwa mpangilio huu.

1. Breki. Tafuta breki za diski za haidroliki, zenye mafuta, siyo za waya, na sahani ya mbele ya milimita 180 au zaidi. Kamata breki: iwe ngumu, isifike kwenye usukani. Shikilia kwa sekunde 30. Ikizidi kuzama, kuna hewa au inavuja. Mtoto aweze kuikamata kwa kidole kimoja au viwili bila kunyoosha mkono.

2. Ukubwa. Usinunue "atakua nayo". Hiyo tuachie sare za shule. Akisimama juu ya fremu, miguu yote chini, pabaki nafasi kati yake na bomba la juu. Akisimama kwenye pedeli, mikono ipinde kidogo, isinyooke kama anasukuma toroli.

3. Viungo vya nyuma. Baiskeli ya shokapu mbili ina beringi au bushi pale fremu inapojikunja. Shika gurudumu la nyuma, litikise kushoto kulia. Kisha nyanyua kiti taratibu. Ukisikia "tak tak", viungo vimekwisha. Uliza beringi zake zinapatikana wapi na kwa bei gani kabla hujaenda mbali.

4. Shingo ya usukani. Kamata breki ya mbele, sukuma mbele na nyuma. Isicheze.

5. Fremu. Pitisha kidole kwenye kila maungio, hasa chini ya shingo na karibu na pedeli. Rangi iliyopasuka kama unywele inaweza kuwa ufa. Fremu ya kaboni iliyoanguka sana mimi siigusi, kwa sababu ufa wake unaweza kujificha ndani.

6. Miguu ya shokapu ya mbele. Iwe laini, inang'aa, haina mikwaruzo wala mafuta yanayotiririka.

7. Tairi. Ziwe pana, inchi 2.4 hivi, zenye meno, hazijapasuka pembeni.

8. Kiti kinachoshuka. Zile za kisasa zina kitufe kwenye usukani, unakibonyeza kiti kinashuka. Kama hakuna, kiti kishushwe kwa mkono kabla ya mteremko. Kiti kilicho juu humsukuma mtu kupitia juu ya usukani.

9. Ncha za usukani. Hii nimeiweka mwisho ili uikumbuke: ncha zote mbili ziwe zimezibwa. Bomba tupu la chuma halifai. Sehemu inayofuata utaona kwa nini.

Mwendo wa shokapu kwa kushuka kwa fujo ni kama milimita 140 hadi 170. Lakini ona, nimeitaja baada ya mambo tisa. Makusudi.

SEHEMU YA 4: Mwili haununui vipuri

Hapa sasa ni nyumbani kwangu.

Tumbo. Mtoto anaanguka, usukani unageuka, ncha inamchoma tumboni. Nje unaona alama ndogo ya duara, pengine hata damu hakuna. Ndani inaweza kuwa wengu, ini, kongosho au utumbo. Baadhi ya majeraha haya huchelewa kujionyesha, masaa au hata siku. Mtoto aliyechomwa tumboni na usukani aonwe hospitali hata kama anasema yuko sawa. Akianza kutapika, kupauka, kutoka jasho la baridi, tumbo kuwa gumu, au kulalamika bega la kushoto linauma wakati hakuligonga, huo ni mwendo wa haraka. Usimpe chakula wala kinywaji mpaka aonwe.

Kichwa. Atapike zaidi ya mara moja, asinzie kuliko kawaida, achanganyikiwe, kichwa kizidi kuuma, apate degedege, mboni za macho zisilingane, au maji yatoke puani au masikioni: hospitali sasa hivi. "Ngoja tuone mpaka asubuhi" hiyo tuifute.

Mkono na bega. Mtu akianguka hutanguliza mkono. Kinachoumia ni kifundo cha mkono, au mtulinga, ule mfupa wa shingo na bega. Asichuliwe, asikandwe, asivutwe. Funga mkono utulie, nenda kapige picha. Na kama maumivu yako pale chini ya kidole gumba, picha ya kwanza inaweza isionyeshe ufa. Maumivu yakiendelea, rudi.

Helmeti. Mpya, siyo mtumba, kwa sababu huwezi kujua imeshagonga nini. Ndani itafute alama ya EN 1078 au CPSC. Ikae vidole viwili juu ya nyusi, mikanda itengeneze V chini ya masikio, na akitikisa kichwa isicheze. Kwa kushuka kwa fujo, bora ile inayofunika na kidevu. Ikigonga kwa nguvu mara moja, kazi yake imeisha hata kama haijapasuka. Ongeza glovu na kinga za magoti.

SEHEMU YA 5: Hela, na msimamo wangu

Shokapu mbili nzuri na mpya huanzia karibu dola 1,500 hadi 2,000 na kupanda. Kwa hiyo ukiona mpya inayong'aa kwa sehemu ndogo sana ya bei hiyo, jiulize kilichopunguzwa ni nini. Mara nyingi ni mafuta ya shokapu, breki na beringi. Vile vile ambavyo mtoto atavihitaji akiwa katikati ya mteremko.

Na gharama haziishi dukani. Shokapu ya mbele kwa kawaida hutaka kufunguliwa na kusafishwa kila baada ya masaa kama 50 ya kuendesha. Kama mtaani kwenu hakuna fundi anayeijua, baada ya mwaka utabaki na chuma kizito.

Ndiyo maana kwa familia nyingi za kwetu ushauri wangu ni baiskeli ya shokapu ya mbele tu, fremu imara, breki za haidroliki, tairi pana. Itamfundisha kuchagua njia, kupinda magoti na kupunguza mwendo. Akimaliza mwaka nayo, bado ana hamu na anaijali, hapo mfikirie ya shokapu mbili, tena iliyokaguliwa kwa orodha ya Sehemu ya 3.

Wapo watakaosema, "Basi si umkataze tu?" Mimi sikatazi. Kijana anayepanda kilima kwa miguu yake anapata moyo imara, mapafu imara, usingizi mzuri, na masaa kadhaa bila simu. Ukimkataza kabisa ataazima ya rafiki, isiyo na breki, bila helmeti, na wewe hutajua.

Kwa hiyo hesabu ianzie kichwani: helmeti kwanza, breki ya pili, ukubwa wa tatu, shokapu ya mwisho. Kama hela ya helmeti haijapatikana, hela ya baiskeli pia haijapatikana.

Hifadhi Sehemu ya 3 na ya 4 kwenye simu. Na mtumie baba watoto kabla hajaenda kulipia.